Safari za Kikundi Jangwani: Wakati "Salama Tu" Si Jibu



Kwa miaka mingi sasa, vijana waliosomea Kiswahili katika vyuo vya Afrika Mashariki wamekuwa wakienda Marekani kusaidia kufundisha lugha hii. Baadhi yao hufika katika jimbo la California, ambako Kiswahili kimekuwa kikifundishwa katika vyuo vikuu kama vile UCLA na Stanford. Huko, mbali na kazi ya darasani, wageni hualikwa na wanafunzi wao na majirani zao katika shughuli ambazo wengi wetu hatujazizoea. Mojawapo ni kwenda jangwani na kikundi cha watu kwa siku mbili au tatu, kutembea kwa miguu mchana na kulala katika mahema usiku.

Katika toleo hili tumeona ni vyema tueleze jinsi safari hizo zinavyoendeshwa. Tunafanya hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni usalama: jangwa lina masharti yake, na asiyeyajua huweza kupoteza maisha. Ya pili inatuhusu sisi walimu na wanafunzi wa lugha. Katika safari hizo kuna swali moja dogo ambalo mzungumzaji wa Kiswahili hulijibu vibaya kwa sababu tu amelelewa vizuri. Tutalifikia swali hilo baada ya kueleza mahali penyewe na taratibu zake.

1. Jangwa tunalolizungumzia

Mashariki ya jimbo la California kuna jangwa la Mojave, na ndani ya eneo hilo kuna mbuga ya taifa iitwayo Death Valley, yaani Bonde la Mauti. Kutoka Los Angeles ni mwendo wa gari wa saa nne hadi tano. Mbuga hii ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000. Mahali paitwapo Badwater pako mita 86 chini ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Telescope, ambacho mtu huweza kukiona akiwa bondeni, kina urefu wa mita 3,368. Kwa hiyo katika mbuga hiyo hiyo, mwezi huo huo wa Januari, mtu aweza kutembea bondeni akiwa na shati jepesi na kuona theluji juu ya mlima.

Tarehe 10 Julai 1913 palipimwa hapo joto la nyuzi 56.7 za Selsiasi, ambalo ndilo rekodi rasmi ya dunia hadi leo. Mvua ya mwaka mzima bondeni ni takriban milimita 55. Hata hivyo, ukame haumaanishi kwamba maji hayaui. Udongo wa jangwa haunywi maji upesi, na mvua ikinyesha milimani maji huteremka makorongoni kwa ghafla. Tarehe 20 Agosti 2023, mabaki ya kimbunga Hilary yalimwaga mvua ya mwaka mzima kwa siku moja, barabara zikakatika, na mbuga ikafungwa hadi tarehe 15 Oktoba mwaka huo.

Lazima tuongeze kwamba jangwa hili si mahali patupu. Watu wa kabila la Timbisha Shoshone waliishi humo tangu kale, wakihama kati ya bonde na milima kufuata majira, na sheria ya mwaka 2000 iliwarudishia sehemu ya ardhi yao. Wanaishi humo hadi leo. Mgeni anayesema kwamba jangwani "hamna kitu" anawasahau wenyeji.

Sehemu kubwa ya mbuga hiyo, zaidi ya asilimia 90, imehifadhiwa kisheria kama nyika isiyoguswa. Sheria ya nyika ya Marekani ni ya mwaka 1964, na ile iliyoyahifadhi majangwa ya California, ikaifanya Death Valley kuwa mbuga ya taifa, ni ya mwaka 1994. Katika nyika ya namna hii hakuna barabara za magari, hakuna nyumba, hakuna bomba la maji. Simu ya mkononi haishiki mtandao katika sehemu nyingi. Hii ndiyo sababu watu huenda kwa vikundi.

2. Nani huandaa safari

Wapo wenye makampuni wanaolipisha, lakini safari nyingi ambazo mgeni hualikwa huandaliwa na vyama vya kujitolea au na vilabu vya chuo. Chama kikongwe kinachojulikana sana ni Sierra Club, kilichoundwa mwaka 1892, ambacho kimekuwa kikipeleka watu milimani na nyikani tangu mwaka 1901. Viongozi wa safari fupi za vyama kama hivi hawalipwi mshahara. Ni walimu, wauguzi, mafundi au wastaafu ambao wamepata mafunzo ya uongozi na ya huduma ya kwanza, na ambao wanaipenda nyika.

Jambo hili linabadilisha uhusiano wote. Kwetu, mtu akisikia neno "safari" hufikiria dereva, mpishi na mwongoza watalii, watu waliolipwa ili wamtunze mgeni. Katika safari ya kujitolea hakuna mtumishi wala mtalii. Kila mtu hujibebea maji yake, huleta hema lake na hujipikia. Kiongozi anachotoa ni ujuzi wa njia na uamuzi. Mshiriki kwa upande wake hutoa utii na ukweli. Tutaona kwamba ukweli ndio mgumu zaidi.

3. Kusoma tangazo

Matangazo ya safari hizi ni mafupi sana, na kila neno lina uzito. Haya ndiyo mambo ya kuangalia.

(a) Umbali na mpando. Wamarekani hupima kwa maili na futi. Maili moja ni kilomita 1.6, na futi 1,000 ni kama mita 305. Tangazo likisema maili 6 na mpando wa futi 2,000, maana yake ni karibu kilomita 10 pamoja na kupanda mita 600. Kilomita 10 za njia ya kwenda sokoni si sawa na kilomita 10 za mawe na mchanga.

(b) Aina ya kambi. Kuna kambi ya kando ya gari, ambapo gari hufika hadi penye hema, na kuna safari ya kubeba kila kitu mgongoni. Anayeanza aanze na ile ya kwanza. Tangazo likisema kambi ni "kavu" au ya "kizamani", maana yake ni kwamba hapana maji, na mara nyingi hapana choo.

(c) Majira. Safari nzuri hufanyika kuanzia Novemba hadi Machi. Mwezi wa Julai wastani wa joto la mchana bondeni ni nyuzi 47 hivi, na wasimamizi wa mbuga huwashauri watu wasitembee sehemu za chini baada ya saa nne asubuhi wakati wa kiangazi. Mwaliko wa kutembea bondeni mwezi wa Julai ukataliwe kwa adabu.

(d) Saa. Tunasisitiza jambo hili kwa kuwa sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko. Wakisema mkutane saa kumi asubuhi kwa hesabu yao, kwetu ni saa nne. Aidha, sisi wa karibu na ikweta tumezoea jua kutua karibu saa moja jioni mwaka mzima. Huko, mwezi wa Desemba, jua hutua mnamo saa kumi na nusu. Wengi wamekutwa na giza njiani kwa kudhani kwamba jioni bado mbali.

Baada ya kusoma tangazo, mtu humwandikia au humpigia kiongozi kabla ya siku ya safari. Kiongozi atamwuliza maswali: umewahi kutembea umbali gani, una viatu gani, una ugonjwa gani. Haya si maswali ya kudadisi mambo ya watu. Mwenye pumu, shinikizo la damu, kisukari au siko seli anapaswa kusema. Tunaitaja siko seli kwa makusudi, kwa sababu ipo sana katika nchi zetu na upungufu wa maji mwilini huweza kuamsha maumivu yake makali, na kiongozi wa Kimarekani pengine hatafikiria kuiuliza.

Kiongozi ana haki ya kumkatalia mtu. Kwa desturi zetu kumkatalia mgeni ni aibu kwa mwenyeji na tusi kwa mgeni. Huko jangwani ni kinga. Kiongozi anayemwambia mtu "safari hii haikufai, njoo ile ya mwezi ujao" amemheshimu kuliko yule anayemchukua kwa kuona haya.

4. Maji, chumvi na mavazi

Kipimo cha chini kinachopendekezwa ni galoni moja ya maji kwa mtu kwa siku, yaani karibu lita 4, na zaidi ya hapo kama kuna joto au mpando. Maji hayo yabebwe kutoka mjini. Chemchemi iliyochorwa kwenye ramani yaweza kuwa imekauka.

Hewa ya jangwani ni kavu mno, hivyo jasho hukauka kabla mtu hajalihisi. Ndiyo maana asemaye "sijatoka jasho, sihitaji maji" anajidanganya. Lakini maji matupu mengi bila chumvi nayo ni hatari, kwa sababu chumvi ya damu hupungua kupita kiasi. Kwa hiyo watu hula karanga zenye chumvi, biskuti au nyama kavu kila wanapopumzika.

Mavazi yawe ya mikono mirefu, mepesi, pamoja na kofia pana. Usiku baridi huweza kufika kiwango cha kugandisha maji, basi sweta nzito, mfuko mzuri wa kulalia na tochi ya kichwani ni lazima. Wengine hubeba kitana, wala si kwa ajili ya nywele: kuna mpungate uitwao cholla ambao vipande vyake hung'ang'ania ngozi na nguo, na kitana ndicho hutumika kuvibandua bila kujichoma vidole.

5. Kutembea pamoja

Asubuhi kabla ya kuondoka watu husimama katika duara. Kila mmoja hutaja jina lake, kiongozi hueleza njia, kisha hupitishwa fomu ambayo kila mshiriki hutia sahihi kukubali kwamba anazijua hatari za safari. Isomeni kabla ya kutia sahihi, na ulizeni msichoelewa.

Kikundi huwa na watu wawili muhimu: kiongozi anayetangulia, na mfunga msafara anayekuwa wa mwisho. Kanuni ni kwamba hakuna anayempita wa kwanza, wala anayebaki nyuma ya wa mwisho. Penye njia panda wote hungojeana. Mtu akitaka kujisaidia huacha mfuko wake kando ya njia ili mfunga msafara ajue yuko mtu nyuma ya jiwe. Watu huhesabiwa kila baada ya mapumziko. Mwendo hupimwa kwa yule aendaye polepole, na hapo ndipo swali letu linapoingia.

6. Swali ambalo si maamkizi

Kila baada ya muda kiongozi hugeuka na kumwuliza mmoja mmoja: "U hali gani?" Sote tunajua tulivyofundishwa kujibu. "Hujambo?" "Sijambo." "Habari?" "Nzuri." "Salama?" "Salama tu." Katika Kiswahili jibu jema hutangulia, na taabu hufuata baadaye kama ipo nafasi: "Sijambo, ila homa kidogo." Hata mgonjwa aliyelazwa huanza na "sijambo". Si Kiswahili peke yake. Kwa Kiganda mtu akiulizwa "Oli otya?" hujibu "Bulungi" hata kama amelala njaa. Huu si uongo. Ni adabu: maamkizi ni ya kukiri kwamba tuko pamoja, wala si ya kupeana ripoti.

Wamarekani nao wana maamkizi kama hayo, na mgeni huwa ameshajifunza kwamba mjini swali hilo hujibiwa kwa neno moja la furaha. Jangwani swali ni lile lile kwa maneno, lakini kazi yake imebadilika. Limekuwa swali la daktari. Kiongozi anataka kujua kama kisigino kimetoka malengelenge, kama kichwa kinauma, kama maji yamebaki nusu. Mwenye kujibu "salama tu" kwa kuona haya kuwachelewesha wenzake anamnyima kiongozi habari pekee ambayo hawezi kuipata kwa macho.

Hatari yenyewe hupanda ngazi kwa ngazi. Huanza na kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na misuli kukaza. Katika hatua hii kivuli, maji, chumvi na mapumziko hutosha. Zikipuuzwa dalili hizo, joto la mwili huweza kupita nyuzi 40 na akili huvurugika. Hapo mgonjwa hukosea maneno, hujibu yasiyoulizwa, au hukasirika bila sababu, na pengine husisitiza kwamba yu mzima. Ni lazima apozwe mara moja kwa maji na upepo, na msaada uitwe. Viongozi wazoefu huisikiliza kauli ya mtu kwa makini kwa sababu hiyo: ulimi huweza kuanza kuyumba kabla ya miguu. Baridi kali ya usiku nayo huleta dalili kama hizo za kubabaika.

Wala mtu asitegemee kwamba helikopta itakuja. Tarehe 6 Julai 2024, siku ambayo joto la Death Valley lilifikia nyuzi 53 hivi, mwendesha pikipiki mmoja aliyekuwa na wenzake alifariki kwa joto, na helikopta ya wagonjwa haikuweza kuruka kwa sababu hewa yenye joto kali kiasi hicho huwa nyepesi mno kuibeba. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Jangwani methali hii haina fumbo lolote.

Basi mgeni ajifunze kujibu kwa habari: "Nimekunywa chupa mbili tangu asubuhi. Kichwa kimeanza kuuma. Naomba tupumzike." Sentensi tatu kama hizi hazimvunjii mtu heshima. Wenzake watamshukuru, kwani mara nyingi wapo wawili wengine waliokuwa wakingoja mtu wa kwanza aseme.

7. Kambini

Jioni huwa tamu. Katika kambi za kando ya gari ni kawaida kila mmoja kuleta chakula kikawekwa pamoja, na mwalimu wetu akipika pilau au akichoma chapati hatakosa marafiki. Mbali na taa za mji, nyota ni nyingi ajabu.

Zipo adabu za mahali pia. Takataka zote hurudishwa mjini, hata karatasi ya chooni. Penye kuruhusiwa, choo huchimbwa shimo la sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka penye maji. Moto huwashwa panaporuhusiwa tu, na kuni za jangwani haziokotwi. Ukoko mweusi wenye vinundu juu ya udongo usikanyagwe: ni viumbe hai vidogo vinavyoushika udongo usipeperuke, na unyayo mmoja huchukua miaka mingi kupona. Kobe wa jangwani asishikwe, kwani akishtuka huweza kumwaga maji aliyoyaweka kibofuni kwa ajili ya kiangazi, na bila hayo aweza kufa.

8. Kwa matumizi ya darasani

Msamiati: jangwa ni nchi kavu isiyo na mvua ya kutosha, nyika ni nchi wazi isiyokaliwa na watu wengi, nayo yaweza kuwa na nyasi, korongo ni bonde jembamba lililochimbwa na maji, mfunga msafara ni mtu wa mwisho katika kundi linalosafiri, ukoko ni tabaka gumu la juu, kama la wali chunguni.

Zoezi la 1. Wanafunzi wawili wawili waigize kiongozi na msafiri. Kiongozi atunge maswali matano ambayo hayawezi kujibiwa kwa neno "salama". Mifano: "Umebakiza maji kiasi gani?" "Mara ya mwisho umekojoa saa ngapi, na rangi ilikuwaje?" "Kiatu kinakubana wapi?"

Zoezi la 2. Andikeni tangazo la safari ya kikundi katika sehemu kavu ya nchi yetu, kwa mfano Karamoja, lisilozidi maneno 80. Lionyeshe umbali, mpando, maji, aina ya kambi na saa ya kukutana kwa namna ambayo mgeni hatakosea.

Zoezi la 3. Jadilini: ni wapi pengine, mbali na jangwani, ambapo maamkizi yetu hugeuka kuwa swali la kweli? Fikirini chumba cha daktari, kliniki ya wajawazito na bweni la shule. Je, mwalimu wa Kiswahili amfundisheje mgeni kutofautisha mawili hayo, naye mwenyeji amfundisheje mtoto wake?

Tunawakaribisha walimu watakaotumia mazoezi haya watuletee majibu bora ya wanafunzi wao. Nao wenzetu watakaopata mwaliko wa kwenda jangwani, waende, wabebe maji ya kutosha, na wakiulizwa hali waseme ilivyo.